Uzi: Kanuni ipi huanza kuamka katika kidhibiti cha mantiki fazi, na kipaumbele kinakaa wapi?

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Ninaanzisha uzi huu kwa sababu swali moja limenirudia mara nyingi kutoka kwa mafundi chipukizi wanaotengeneza vidhibiti vya mashine za kutotolesha vifaranga, vikaushio vya nafaka na pampu za maji kwa kutumia mantiki fazi (fuzzy logic), yaani mantiki inayoruhusu jambo liwe kweli kwa kiasi, kutoka 0 hadi 1. Kila mmoja huleta orodha yake ya kanuni, kwa kawaida tisa au kumi na tano, kisha huuliza ipi itangulie na ipi ifuate, na kama ile ya usalama iwekwe juu kabisa ili isikike kwanza. Jibu langu ni fupi ingawa maelezo yake ni marefu: katika kidhibiti fazi cha kawaida, kanuni hazipangi foleni. Zote huulizwa, kila moja hujibu kwa kiasi inachostahili, na majibu yao huchanganywa kabla ya uamuzi kutolewa. Fundi anayetafuta kanuni ya kwanza anatafuta kitu ambacho hakimo, na mara nyingi anachokihitaji hasa ni sharti alilolisahau ndani ya kanuni mojawapo.

Nitatumia mashine ya kutotolesha kama mfano, kwa kuwa wengi humu wanaifahamu. Mayai ya kuku hukaa humo siku 21, na katika mashine yenye feni joto linalolengwa ni karibu nyuzi 37.5. Tuseme kidhibiti kinasoma vitu viwili, yaani joto lenyewe na kasi ya kupanda au kushuka kwake, kisha kinatoa kitu kimoja, ambacho ni nguvu ya hita kutoka 0 hadi 100 kwa mia. Kanuni zake husomeka kama maagizo ya mfugaji kwa kijana wake: ikiwa joto ni dogo na linashuka, ongeza moto sana, ikiwa joto ni sawa na limetulia, weka moto wa wastani, ikiwa joto ni kubwa mno, zima.

Aliyezoea kuandika programu za kawaida huzisoma kanuni hizi kama mlolongo wa "kama hivi fanya hivi, vinginevyo angalia inayofuata", ambamo sharti la kwanza likitimia yaliyobaki hayasomwi kabisa. Katika mlolongo wa namna hiyo mpangilio ni kila kitu. Lakini katika mantiki fazi neno "joto kubwa" halina mpaka mkali. Joto la nyuzi 37.9 linaweza kuwa "sawa" kwa kiwango cha 0.6 na wakati huo huo "kubwa kidogo" kwa kiwango cha 0.4, kwa hiyo kanuni mbili huamka pamoja, moja kwa nguvu zaidi kuliko nyingine, na hakuna hata moja iliyo na haki ya kumfungia mwenzake mlango. Kiwango hicho cha kuamka ndicho pekee kinachoitofautisha kanuni moja na nyingine katika mzunguko huo wa kazi.

Jambo hili lilikuwamo tangu mwanzo. Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha nadharia ya seti fazi mwaka 1965, lakini aliyeiingiza katika udhibiti wa mashine halisi ni Ebrahim Mamdani, ambaye, kwa wasiojua, alizaliwa mwaka 1942 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Akiwa Queen Mary College, London, pamoja na mwanafunzi wake Seto Assilian, alidhibiti injini ndogo ya mvuke na bwela lake kwa kanuni za maneno, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1975. Njia yao ndiyo tunayoiita hadi leo njia ya Mamdani. Ndani ya kanuni moja, masharti yaliyounganishwa kwa "na" huchukuliwa kiwango chake kilicho kidogo zaidi. Hitimisho la kanuni, ambalo huchorwa kama umbo juu ya mstari wa nguvu ya hita, hukatwa kwa kiwango hicho. Kisha mahitimisho ya kanuni zote huunganishwa kwa kuchukua kilicho kikubwa zaidi katika kila nukta. Mwishoni hutafutwa kitovu cha uzito cha umbo lililopatikana, na namba hiyo moja ndiyo inayopelekwa kwenye hita.

Hapo ndipo suala la mpangilio linapokwisha, angalau kihisabati. Kikubwa kati ya 0.3 na 0.7 ni 0.7, iwe umeanza na hiki au na kile. Ukiwa na namba kumi, unaweza kuzikusanya mbili mbili kwa utaratibu wowote na utafika pale pale. Hali ni hiyo hiyo kwa kujumlisha. Njia ya Takagi na Sugeno ya mwaka 1985, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo inayotumika katika vidhibiti vidogo kwa sababu ni nyepesi kukokotoa, huzidisha kila hitimisho kwa kiwango cha kuamka cha kanuni yake, hujumlisha yote, kisha hugawanya kwa jumla ya viwango. Muuza duka anayepima mchele na maharage katika mizani moja hapati kilo tofauti kwa kuwa alitanguliza maharage.

Kuna tofauti moja kati ya njia hizi mbili ambayo watu huichanganya na mpangilio. Kuchukua kilicho kikubwa hakujali kanuni iliyoandikwa mara mbili, kwa sababu kikubwa kati ya 0.7 na 0.7 bado ni 0.7. Kujumlisha kunajali, kwani kanuni iliyonakiliwa kwa bahati mbaya hupata sauti mbili. Ukiona kidhibiti chako kinaegemea upande mmoja, hesabu kanuni zako kabla ya kuzihamisha.

Neno moja la mwisho kuhusu namba. Kiwango cha kimataifa cha lugha ya udhibiti fazi, IEC 61131-7 cha mwaka 2000, huandika kanuni zikiwa na namba: kanuni ya 1, ya 2, ya 3. Nimeona watu wakidhani namba hiyo ni cheo. Ni jina tu, sawa na namba ya nyumba mtaani, ambayo haimfanyi wa nyumba namba moja awe mjumbe wa mtaa.

#2 – Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nashukuru kwa maelezo, lakini yanapingana na nilichokiona kwa macho yangu. Nina mashine ya mayai 200 niliyoitengenezea kidhibiti mwenyewe kwa bodi ndogo ya kompyuta iitwayo Arduino, ikiwa na kanuni tisa. Kwa joto lile lile na kasi ile ile, nikiiweka kanuni ya "zima" mwanzoni mwa orodha ninapata nguvu ya hita ya 55, na nikiihamishia mwishoni ninapata 22. Sijabadilisha kitu kingine chochote. Kama mpangilio hauna maana, tofauti hii inatoka wapi?

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu, nimefurahi kwamba umeleta namba. Nadharia na programu yako zinatofautiana, na mwenye kosa hapa ni programu. Bila kuiona nitataja maradhi matatu ninayoyafahamu, nawe utalitambua lako.

Ugonjwa wa kwanza ni kufuta kazi ya mwenzako. Kila kanuni, ikiamka, huandika hitimisho lake katika kigeu kile kile (nafasi ya programu inayohifadhi namba), kwa hiyo iliyo mwisho ndiyo husikika na zilizotangulia hupotea bila kuacha alama. Dalili yake ni kwamba matokeo hufanana sana na matakwa ya kanuni ya mwisho iliyoamka. Wewe umepata 22 na siyo 0, kwa hiyo sidhani kuwa ni huu katika sura yake kamili.

Wa pili ndio ninaoushuku. Fundi anajua kwamba lazima achanganye majibu, lakini anachanganya kwa kutafuta wastani wa mawili mawili kila anapopiga hatua: anachukua jibu lililokwisha kupatikana, analijumlisha na la kanuni inayofuata, anagawanya kwa mbili, kisha anaendelea. Hesabu hii inaonekana ya haki lakini si ya haki hata kidogo. Chukua namba 0.8, 0.4 na 0.2. Ukianza na 0.8 utapata 0.6 baada ya hatua ya kwanza na 0.4 baada ya hatua ya pili. Ukianza na 0.2 utapata 0.3, kisha 0.55. Namba ni zile zile, jibu ni tofauti, kwa sababu aliyekuja mwisho amepewa nusu nzima ya uamuzi ilhali waliotangulia wanagawana nusu iliyobaki. Wastani wa mawili mawili una kipaumbele kilichofichwa ndani yake, na aliyekiweka hajui kwamba amekiweka. Dawa ni kuweka majumla mawili, moja la viwango vilivyozidishwa kwa mahitimisho na jingine la viwango vyenyewe, kisha kugawanya mara moja tu baada ya kanuni zote kupita.

Wa tatu ni kutosafisha. Kabla ya kila mzunguko, viwango vya mahitimisho lazima virudishwe kwenye sifuri, la sivyo kilicho kikubwa cha mzunguko uliopita kitabaki kikidai nafasi yake, na hita itaendelea kutii joto la dakika iliyopita.

Kuna ushahidi mzuri wa jambo hili katika vifaa vya zamani kidogo. Kichakataji cha 68HC12 cha kampuni ya Motorola kilikuwa na maagizo maalumu ya mantiki fazi yaliyojengwa ndani ya chipu yenyewe. Agizo linaloitwa REV lilipitia orodha ya kanuni moja baada ya nyingine kwa mfuatano, kwa kuwa chipu ndogo haina namna nyingine. Orodha ilikuwa ni baiti zilizopangwa kwenye kumbukumbu, ambamo baiti FE ilitenganisha masharti na mahitimisho, na FF ilionyesha mwisho. Hata hivyo, matokeo hayakutegemea kanuni ipi imepitiwa mwanzo, kwa sababu kila hitimisho lilibadilishwa tu pale ambapo kiwango kipya kilizidi kile kilichokuwapo. Sharti mojawapo la kulitumia agizo hilo lilikuwa kwamba mwandishi wa programu asafishe mahitimisho yote kuwa sifuri kabla ya kuanza. Kwa hiyo mashine inaweza kutekeleza kanuni kwa zamu huku maana yake ikibaki ya pamoja, na mambo hayo mawili hayagombani mradi njia ya kuunganisha ni sahihi.

Nikubali pia palipo na ukweli mdogo. Mpangilio unaweza kuathiri kasi ya kukokotoa. Kama sharti la kwanza la kanuni lina kiwango cha sifuri, na "na" yako inachukua kilicho kidogo, huna haja ya kusoma sharti la pili, kwa hiyo kutanguliza masharti ambayo mara nyingi huwa sifuri kunaokoa muda kwenye bodi dhaifu. Huko ni kuokoa muda tu, na jibu linabaki lile lile.

#4 – Mchangiaji wa pili

Mimi nimetokea upande wa mifumo ya kitaalamu, yaani programu zinazoiga maamuzi ya mtaalamu kwa kanuni, na nadhani mwanzisha uzi anakwenda haraka mno. Katika CLIPS, zana ya kuandikia mifumo hiyo iliyotengenezwa na NASA katika kituo cha Johnson kuanzia mwaka 1985, kanuni zilizo tayari huwekwa kwenye ajenda, yaani orodha ya zinazosubiri zamu, na ipo namba ya kipaumbele inayoweza kuanzia hasi 10,000 hadi 10,000. Kanuni moja huamka, hubadilisha mambo yanayojulikana, na mabadiliko hayo huweza kuziamsha nyingine au kuziondoa kwenye ajenda. Huko mpangilio si kosa la programu. Ndio moyo wa mfumo. Kwa nini basi udhibiti fazi uwe na sheria yake peke yake?

#5 – Mwanzisha uzi

Hoja nzito hii, na inastahili jibu la taratibu.

Tofauti iko katika kile ambacho kanuni inakigusa. Katika mfumo wa kitaalamu, hitimisho la kanuni huingia katika ghala lile lile ambalo kanuni nyingine husoma masharti yao. Aliyetangulia amebadilisha uwanja, na anayefuata anacheza katika uwanja mwingine. Katika kidhibiti cha Mamdani chenye tabaka moja, kanuni zote husoma joto na kasi, na zote huandika kwenye nguvu ya hita. Hakuna hata moja inayosoma nguvu ya hita ndani ya mzunguko ule ule. Mlango wa kuingilia na wa kutokea ni miwili tofauti, kwa hiyo hakuna anayemwekea mwenzake kigingi njiani.

Mara tu unapoivunja hali hiyo, mpangilio hurudi na madai yake yote. Tuseme umeongeza kigeu cha kati kiitwacho "hatari": kanuni moja inasema kwamba joto likiwa kubwa mno hatari ni kubwa, na nyingine inasema kwamba hatari ikiwa kubwa hita izimwe. Ukiikokotoa ya pili kabla ya ya kwanza, itatumia hatari ya mzunguko uliopita. Kwa mzunguko wa sekunde mbili hutaona tofauti. Kwa mzunguko wa nusu dakika umejichelewesha nusu dakika bila kujua, na ukiwa na mnyororo wa hatua tatu uliopangwa kinyumenyume, umejichelewesha mizunguko miwili. Kila aliyewahi kutuliza mfumo wenye mrejesho anajua kwamba ucheleweshaji ndio unaofanya joto liyumbe juu na chini ya lengo badala ya kutulia.

Hata wenzako wa CLIPS walikutana na jambo hili. Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada lilitengeneza toleo la FuzzyCLIPS, ambamo kanuni kadhaa zinaweza kuchangia hitimisho moja fazi kidogo kidogo. Kanuni inayotafuta kitovu cha uzito lazima ingoje hadi wachangiaji wote wamalize, kwa hiyo hupewa kipaumbele cha chini kuliko wote. Angalia kipaumbele hicho kinafanya nini: hakisemi kanuni ipi ina haki zaidi, kinasema tu hatua ipi ije baada ya ipi. Kwanza kusoma, kisha kuamsha, kisha kuunganisha, kisha kutoa namba. Utaratibu wa hatua upo katika kila kidhibiti fazi. Utaratibu wa kanuni ndani ya hatua moja ndio usiokuwapo.

Watu huyachanganya mawili haya kwa sababu neno ni moja.

#6 – Mchangiaji wa tatu

Mwalimu, mimi si mtu wa programu, ni mfugaji ninayelipa fundi. Ninachotaka kujua ni hiki: joto likizidi, nataka hita izimwe, liwalo na liwe, hata kanuni nyingine zote zikisema vingine. Fundi wangu ameniambia ameipa kanuni ya usalama uzito wa 1 na nyingine uzito wa 0.5, kwa hiyo niwe na amani. Je, niwe na amani?

#7 – Mwanzisha uzi

Mzee wangu, usiwe na amani bado. Nitakuonyesha kwa hesabu, na fundi wako anaweza kuifuata kwa penseli.

Tuchukue kanuni mbili tu. Ya kwanza inasema kwamba joto likiwa kubwa mno, nguvu iwe 0. Ya pili inasema kwamba joto likishuka kwa kasi, nguvu iwe 80. "Kubwa mno" huanza kwenye nyuzi 38 na hukamilika kwenye 39. "Kushuka kwa kasi" huanza kwenye nyuzi 0.1 kwa dakika na hukamilika kwenye 0.6. Sasa mayai yamepata joto la 38.6, kijana amefungua mlango kupunguza, na joto linashuka nyuzi 0.3 kwa dakika. Kanuni ya kwanza imeamka kwa 0.6, ya pili kwa 0.4. Kwa wastani wenye uzito, nguvu ni 0.4 mara 80 gawanya kwa jumla ya 1.0, yaani 32. Mayai yanaungua na hita inaendelea kuwaka kwa theluthi ya nguvu zake.

Fundi anapunguza uzito wa kanuni ya pili kuwa 0.5. Kiwango chake kinakuwa 0.2, na nguvu ni 16 gawanya kwa 0.8, ambayo ni 20. Imepungua lakini haijazima. Sasa joto lifike 39 kamili, ambapo kanuni ya usalama imeamka kwa 1: bila uzito utapata karibu 23, na kwa uzito utapata karibu 13. Kwa njia hii haifiki sifuri kamwe maadamu kanuni ya pili ina sauti yoyote. Uzito ni sauti ya mtu katika kikao, ambaye unaweza kumpunguzia sauti lakini bado anahesabiwa. Kipaumbele cha kweli ni kumtoa mtu kikaoni.

Tazama sasa kilichokuwa kimekosekana. Kanuni ya pili haikustahili kuwa hivyo ilivyo. Aliyeiandika alikuwa akiwaza joto linaloshuka kutoka kwenye lengo, akasahau kwamba joto linaweza pia kushuka kutoka juu kurudi kwenye lengo, jambo ambalo ndilo tunalolitaka. Ikiandikwa "joto likiwa sawa au dogo, na likishuka kwa kasi, nguvu iwe 80", na ikiwa "sawa" inaisha kabla ya nyuzi 38.5, basi kwenye 38.6 inalala kabisa na nguvu inakuwa 0. Hatukuihamisha kanuni wala hatukuigusa mizani, tumeongeza sharti. Katika kazi nyingi nilizowahi kukagua, ombi la kipaumbele lilikuwa ni sharti la namna hii lililosahaulika.

Wako wanaopendelea kuandika "na joto si kubwa mno". Inafaa, lakini wajue kwamba namna ya kukokotoa "na" itawabadilishia jibu. Kwenye 38.6, "si kubwa mno" ni 0.4. Kilicho kidogo kati ya 0.4 na 0.4 ni 0.4, kwa hiyo nguvu inabaki 32 kana kwamba hujafanya lolote. Ukizidisha badala ya kuchukua kilicho kidogo unapata 0.16, na nguvu inashuka hadi karibu 17. Njia zote mbili hufika sifuri joto linapogusa 39, jambo ambalo uzito haukuweza.

Hata hivyo, mzee wangu, kwa neno lako "liwalo na liwe", hakuna kanuni fazi ninayokushauri uitegemee. Mwambie fundi aweke kidhibiti joto cha pekee, au fyuzi ya joto, kwenye waya ule ule unaopeleka umeme kwenye hita, iliyotengwa kabisa na bodi. Programu inaweza kuganda, kitambuzi kinaweza kukatika na kusoma joto la uongo, rilei, yaani swichi inayowasha hita kwa amri ya bodi, inaweza kunasa ikiwa imewasha. Kifaa kilicho kwenye waya hakishiriki katika kikao chochote.

#8 – Mchangiaji wa nne

Nakubaliana na mengi, ila naona mwanzisha uzi amewafanya watu waamini kwamba kipaumbele ndani ya mantiki fazi ni dhana isiyofaa. Ipo kazi nzito iliyofanywa juu yake. Ronald Yager, katika miaka ya 1990, alipendekeza muundo wa ngazi ambamo kanuni mahususi za hali za pekee hukaa ngazi ya juu na kanuni za jumla hukaa chini. Ngazi ya chini huruhusiwa kuchangia kwa kiasi ambacho ngazi ya juu imekiacha tu. Kama ya juu imeamka kwa 0.7, kwa ya chini inabaki nafasi ya 0.3, na kama ya juu imeamka kikamilifu, ya chini hunyamaza. Hicho ni kipaumbele, na ni fazi.

Mfano mwingine ni roboti Flakey ya taasisi ya SRI kule California, ambayo ilikuwa na seti za kanuni kwa kila tabia: moja ya kufuata njia, nyingine ya kukwepa vizuizi. Kanuni za muktadha zilisema kwamba kizuizi kikiwa karibu, ya kukwepa isikike, na kizuizi kikiwa mbali, ya kufuata njia isikike, na kati ya hali hizo mbili roboti ilihama taratibu bila kushtuka.

Isitoshe, ngazi huokoa idadi ya kanuni. Vitu vinne vya kusomwa, kila kimoja kikiwa na maneno matano ya kukieleza (mfano dogo sana, dogo, sawa, kubwa, kubwa mno), vinahitaji kanuni 625 ukitaka kujaza jedwali lote. Ukivipanga katika vidhibiti vitatu vidogo vinavyofuatana, kila kimoja kikisoma viwili, unahitaji 75.

#9 – Mwanzisha uzi

Sina ugomvi na lolote kati ya hayo, na nashukuru umelileta jina la Yager kabla yangu. Nitaongeza tahadhari mbili tu.

Kwanza, katika muundo huo kipaumbele hakitokani na mstari ambao kanuni imeandikwa. Kimetajwa waziwazi, kina hesabu yake, na ndani ya ngazi moja kanuni bado hazina wa kwanza wala wa mwisho. Ukizichanganya ndani ya ngazi yao, jibu ni lile lile. Hilo ndilo jaribio ninalowapa wanafunzi wangu: kipaumbele ulichokikusudia kinapaswa kubaki hata mtu akikoroga orodha yako usiku ukiwa umelala.

Pili, vidhibiti vitatu vinavyofuatana vinaokoa kanuni kweli, lakini vinaleta ule mnyororo niliomweleza ndugu wa CLIPS. Hapo lazima ukokotoe kutoka juu kushuka chini, na vigeu vya kati mara nyingi havina maana ambayo mfugaji anaweza kuieleza, kwa hiyo ni vigumu kuvikagua. Kwa mashine ya mayai yenye vitu viwili vya kusomwa, sioni haja. Kwa kikaushio kinachosoma joto, unyevu wa hewa, unyevu wa nafaka na kasi ya upepo, ninaiona.

Kipo pia kitu kimoja katika IEC 61131-7 ambacho watu hawakitumii ipasavyo, nacho ni thamani ya akiba ya kila kinachotolewa. Ikiwa hakuna kanuni hata moja iliyoamka, jumla ya viwango ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri ni balaa kwenye bodi ndogo. Kiwango hicho kinaruhusu kutaja namba itakayotumika wakati huo, au kuagiza kwamba ya zamani ibaki bila kubadilishwa. Huyo ndiye wa mwisho kabisa katika kikao, anayesema pale tu ambapo wote wamenyamaza. Kwa hita ya mayai chagueni namba na msiache ya zamani ibaki, maana kimya cha kanuni zote mara nyingi kinamaanisha kwamba kitambuzi kimesoma kitu kisichowezekana.

#10 – Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi, wakuu. Ulikuwa ni ugonjwa wa pili, wastani wa mawili mawili, pamoja na kidogo cha wa tatu: nilikuwa nasafisha viwango mara moja tu bodi inapowashwa. Nimeandika upya kwa majumla mawili, na kugawanya nimekuweka mwisho. Nimezipanga kanuni zangu tisa kwa njia sita tofauti, na kwa kila jozi ya joto na kasi niliyoiingiza nguvu ya hita imebaki ile ile, isipokuwa tofauti iliyojitokeza mara moja kwenye tarakimu ya sita baada ya nukta.

Katika kuzipitia nimegundua pia kwamba kanuni yangu ya saba ilikuwa haina sharti la joto kabisa, ilikuwa na kasi peke yake, sawa na ile ya mzee mfugaji. Nimeirekebisha. Mayai sijayaweka, nasubiri fyuzi ya joto niliyoagiza.

#11 – Mwanzisha uzi

Tofauti ya tarakimu ya sita ni ya namba za desimali za kompyuta, ambazo hukata mkia kila zinapojumlishwa, na hapo kweli anayetangulia hujulikana. Hita yako haina uwezo wa kuihisi. Fyuzi ikifika, ijaribu kwanza mashine ikiwa tupu kwa siku nzima, na ufungue mlango mara kadhaa joto likiwa juu ya 38 uone kanuni ya saba inafanya nini.